Kilimia Hakikuja Kumsalimu Jumbe

Paukwa!

Pakawa!

Nani kaguna? Wewe uliyekaa juu ya kinu! Hujapanda hata kunde, unibishie habari za nyota? Funga kinywa, usikie.

Hapo kale, ndege waliposema na watu, alikuwako mjane, Mwatime, mwenye mtoto mmoja na kibuyu kimoja cha mbegu za mtama. Kwao hupandwa kinapochomoza Kilimia, zile nyota zilizokumbatiana kama vifaranga. Kikachomoza. Watu wakashika majembe.

Jumbe Chande akaona wivu. "Mnaitii nyota kuliko mimi? Hapandi mtu mpaka Kilimia kije kunisalimu. Mbayuwayu, kakiite!"

Mbayuwayu akaruka, akaruka, akaruka. Askari wakazunguka mashamba na bakora.

Mvua ikanyesha. Ghala la Mwatime likawa tupu. Akaenda. "Shikamoo, Jumbe. Nipande?"

"Usipande. Kinakuja."

Akapika uji wa mbegu, nusu kibuyu. Akaenda tena. "Jumbe, nipande?"

"Usipande. Kinakuja."

Kibuyu kikabaki na konzi moja ya mbegu. Mtoto akafa. Mwatime akamzika topeni, kisha akaenda mara ya tatu, jembe begani, kibuyu mkononi. Hakuamkia.

Hapo Mbayuwayu akaanguka sakafuni, manyoya yamemwisha.

"Kiko wapi?" Jumbe akauliza.

"Bwana, nilifika kwa Mwezi, nikadhani ndipo. Akanicheka: 'Mimi jirani yenu wa uani, na mwanga huu nimeazima kwa Jua.' Jua likasema: 'Mimi nami nyota, ila niko karibu. Kwa hao wengine hufiki.' Nikabisha. Mbele nikakutana na Nuru ya Kilimia. Huyo hakuna amshindaye mbio. Akaniambia: 'Nilitoka kwetu babu wa babu wa babu yake Jumbe hajazaliwa. Ndiyo kwanza nakaribia kwenu.'"

"Na mwito wangu?"

"Hata ukibebwa na Nuru, utafika mifupa yenu imekuwa vumbi. Tena huko Jua lenyewe halionekani, sembuse wewe."

Jumbe akakuna kidevu. "Basi tutangoja. Heshima ni heshima. Mwatime, usipande."

Nje mvua ilikuwa ikikatika. Mvua ya kumtosha kuvuna akala haikuwapo tena; labda iliyobaki ingemrudishia mbegu tu. Mwatime akageuka.

"We mwanamke! Nimekuruhusu?"

"Kingoje wewe, Jumbe. Wewe una chakula."

Akatoka, akaufunga mlango. Na hadithi yangu imekomea nje ya mlango huo.