Kahawa ya Gundi

Kahawa ya gundi haimkaribishi mgeni. Mmenisikia nikimwambia hivyo yule bwana aliyetualika kwake kisha akatuacha tumesimama getini, na sasa mnataka kujua maneno hayo nimeyatoa wapi. Haya, kaeni. Ila msinicheke, maana kila nikiyasimulia damu inanichemka. Methali hii ilianza hivi, hapahapa Bukoba.

Bwana Mutashobya alijenga ukumbi wa sherehe, akawaalika waandaaji wa harusi waje jioni moja wauone, ili baadaye wampelekee wateja. Akaiita Jioni ya Uhaya. Akaezeka jukwaa kwa nyasi, akatundika ngoma ukutani, akatandaza majani ya migomba mlangoni. Halafu akatoa agizo: kila mwandaaji aje na mzee mmoja wa kwao, tena awe amevaa kanzu.

Mmoja wa waandaaji hao alikuwa Kokushubira, mtoto wa kaka yangu. Miaka yote alikuwa akipamba harusi za watu kwa vitambaa vya kuazima. Mutashobya alikuwa ameahidi kwamba jioni ile atamtangaza mwandaaji mmoja aajiriwe na ukumbi, na kila mtu alijua ni Koku. Kwa hiyo akamleta baba yake, kaka yangu Rwegoshora, aliyeipiga pasi kanzu yake kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nikawasindikiza.

Desturi yetu mnaijua. Mgeni akiingia kwako, hata hujamuuliza habari za watoto, unampa kahawa ya kutafuna. Ukimnyima umemfukuza. Mezani petu palikuwa na kikapu kidogo kimejaa kahawa, lakini hakuna aliyekuja kutukaribisha. Kaka yangu akasubiri weee, mwisho akaona aibu kwa niaba ya mwenye nyumba, akanyoosha mkono achukue mwenyewe. Punje haikutoka. Akavuta. Kikapu kikainuka pamoja na kitambaa cha meza, bilauri zikaanguka pwaa!

Punje zilikuwa zimebandikwa kikapuni kwa gundi, na kikapu kitambaani. Kahawa, jamani! Kahawa ya kumpa mgeni!

“Mzee, usiguse mapambo!” Mutashobya akapayuka kwenye kipaza sauti. “Mgeni rasmi hajafika, na picha hazijapigwa!”

Watu wakacheka. Wahaya wazima, wenye baba na mama, wakacheka! Mpaka leo nikikutana nao sokoni siwaamkii.

Kaka yangu akakirudisha kikapu mezani taratibu. “Hakuna kahawa ya kweli humu ndani?”

“Ipo jikoni, Mzee, ila ni ya mgeni rasmi.”

“Na mimi ni nani?”

Mutashobya akacheka kidogo. “Wewe umetupendezeshea ukumbi, Mzee wangu. Kanzu safi kabisa!”

“Kumbe na mimi nimebandikwa,” kaka yangu akasema, akainuka.

Mutashobya akaona mambo yanaharibika, akakimbilia kutangaza jina la Koku. Makofi yakapigwa. “Njoo mbele, binti! Mwambie Mzee akae, apewe soda.”

Koku akaenda mbele. Nilijua anaipima ile kazi aliyoililia miaka yote. Akapokea kipaza sauti.

“Bwana Mutashobya, baba yangu uliniagiza nimlete, nami nikamleta. Nilidhani umemwalika. Kazi yako siitaki.”

“Unaacha kazi kwa punje za kahawa?” Mutashobya akafoka. “Una wazimu wewe? Nani atakupa nyingine?”

“Labda hakuna,” Koku akajibu. “Lakini nikikaa, kesho utaniagiza nibandike nyingine, na siku moja nitambandikia baba wa mtu.”

Akamshika baba yake mkono, tukatoka. Hakuna mwandaaji hata mmoja aliyetufuata. Walikuwa wanangoja kuku.

Nje Koku akalia kwa hasira, na mimi nikatukana matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu. Kaka yangu peke yake ndiye aliyekuwa mtulivu. Akamfuta mwanawe machozi kwa mkono wa ile kanzu, akasema, “Twende nyumbani, mama. Kahawa ya gundi haimkaribishi mgeni.”