Mghanga Mpasua Mwamba na Reli ya Kireti

Tulieni, watu wa Kireti, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana habari hii haikatizwi. Nasimulia zama za babu wa babu zetu, nyika ilipokuwa haijajua harufu ya makaa ya mawe, na ukoo wetu ulipokuwa ukila mizizi na kuzika watoto njiani. Katika zama hizo alizaliwa Mghanga mwana wa Mwakisha, mjukuu wa Mwang'ombe aliyeua chui kwa rungu. Mghanga Mpasua Mwamba, Mghanga Mfukuza Kiu, aliyembeba fahali aliyevunjika mguu kutoka malishoni hadi zizini asimtue hata mara moja.

Mwaka wa tatu wa njaa ile kuu aliwaongoza watu mia mbili mpaka chini ya jabali la Kireti, akatia mtaimbo katika ufa wa mwamba, akapiga siku tatu, na siku ya nne maji yakatoka. Akatamka: "Hapa ndipo kwetu. Mgeni atakayekunywa maji haya, kwanza achanjiane nasi damu." Kwa maji yale tukawa watu wenye jina.

Kisha ikaja Kampuni ya Reli ya Nyika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, nao hawakuwa wameiona Kampuni. Ilimtanguliza Mzungu mmoja mwembamba, mpole, aliyeshinda akipima ardhi kwa kamba, tukamwita Bwana Kamba. Alifika midomo imempasuka kwa kiu. Mghanga akamchanja kifuani, naye akachanjwa. Kila mmoja akala ini la kondoo lililopakwa damu ya mwenzake. Wakaapa kwamba reli ipite, lakini magari yanywe maji ya mto ulio mbele, mwendo wa siku mbili, na chemchemi ya Kireti isiguswe. Naye Mghanga akatoa vijana arobaini wa kubeba chuma.

"Nikivunja," akasema Bwana Kamba kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "damu hii inigeuke mimi."

Katika desturi yetu, ukichanjiana na mtu umechanjiana na ukoo wake wote. Akifa, nduguye hukirithi kiapo kama anavyorithi ng'ombe. Mghanga aliamini kwamba Kampuni ni ukoo. Aliwaona wanavaa namna moja, wanamtii mkubwa mmoja, wanakula pamoja. Huo kama si ukoo ni nini? Mnacheka ninyi mliosoma. Mimi nasema bila haya, ningekuwepo ningekosea vilevile.

Reli ilipofika Kireti, Bwana Kamba alikuwa amekwisha kufa kwa homa. Mahali pake alikuja mwingine, Bwana Miwani, ambaye hakupenda kungojea maji ya mbali. Akatia bomba kwenye chemchemi yetu, na kila gari moshi lililopita likasimama likanywa mpaka likashiba. Mghanga akamwendea, akafunua kifua, akamwonyesha kovu. Akasema: "Ndugu yangu amekufa, na wewe umekirithi kiapo chake. Ondoa bomba lako."

Bwana Miwani akacheka, akamgeukia mkalimani. "Mwambie Kampuni haina damu."

Miezi miwili haikupita. Asubuhi moja Mkawasi, dada yake Mghanga, aliyekuwa amemzika mjukuu wake juzi, aliteremsha kibuyu chemchemini kikarudi na tope. Akalibeba tope lile mpaka mlangoni kwa kaka yake, akalimwaga miguuni pake.

"Kaka, ulichanjwa na mtu mmoja. Hao ndugu zake uliwaona wapi?"

Mghanga, mtu yule ambaye njaa haikumwangusha, aibu ilimkalisha chini mbele ya watu wake wote. Kwetu, kiapo kikivunjwa, na mmoja wa walioapa amekwisha kufa, laana humrudia aliyebaki, yeye na wote wanaokula kwake. Alipoinuka akatamka: "Mimi ndiye niliyewafungulia. Mimi ndiye nitakayewafungia."

Akaenda Korongo la Mbuni, mahali reli inapovuka kwenye daraja la magogo kabla ya kufika jabalini, Mkawasi akimfuata nyuma. Akashuka chini ya daraja, akaanza kung'oa nguzo ambazo kila moja ilisimamishwa na watu kumi, akizitupa kando, moja baada ya nyingine, mpaka jua lilipofika utosini. Reli ikabaki inaning'inia hewani.

Hapo ndipo gari moshi lilipotokea mteremkoni, likitoka upande wa mtoni, na kwenye mabehewa yake ya wazi watu walikuwa wakiimba.

"Haya chuma, twende nyumbani! Mama ana kiu, twende nyumbani!"

Walikuwa wale vijana arobaini, waliokuwa bado wakibeba chuma huko mbele. Walikuwa wamesikia kwamba kwao hakuna maji, wakajaza mapipa mtoni, wakamsihi msimamizi mpaka akawapakia. Na aliyeongoza wimbo alikuwa Mwakio, mwana wa Mkawasi. Mama hapotezi sauti ya mwanawe.

Mghanga akapanda juu mbio, akalikimbilia gari akipunga shuka yake. Dereva alipomwona jitu lile lililokuwa likiogopwa na Kampuni, akadhani ni vita. Badala ya kufunga breki akaongeza mvuke. Mghanga akarudi korongoni. Alipompita dada yake alisema neno moja tu: "Usiniangalie."

Mkawasi aliangalia, na ndiyo maana sisi tunajua. Alimwona akiingiza mgongo chini ya mataruma yaliyoshika reli, akitanua miguu, akiinua. Kichwa cha gari kikapita juu yake, miguu yake ikazama ardhini mpaka magotini. Behewa la kwanza likapita, akazama mpaka kiunoni. La pili, mpaka kifuani. La tatu lilipokuwa linavuka, dada yake aliona mikono miwili tu, nayo ilikuwa bado imeshika. Kisha reli ikaanguka nyuma ya gari, na vijana wakaendelea kuimba, kwa sababu hawakujua.

Watu wetu walichimba siku tatu, hawakuona hata mfupa. Mapipa yale ya maji yaliwaokoa watoto waliokuwa wamebaki, lakini chemchemi haikurudi tena. Kampuni ikajenga daraja la chuma palepale, na watu wetu wakatawanyika kutafuta maji, wakawa walinzi na wafagiaji katika stesheni za reli ileile iliyowakausha. Ndiyo maana hakuna stesheni utakayoshuka ukamkosa mtu wa Kireti. Kampuni yenyewe baadaye ilikufa. Wakubwa wengine wakaitwaa, jina lake likapakwa rangi juu, na hakuna aliyenyoa nywele kuiomboleza.

Sisi tumebaki, na tunapanda gari kama watu wengine. Lakini likikaribia Korongo la Mbuni, kila mtu wa Kireti huinuka kitini, mzee na mja mzito, na mgonjwa huinuliwa na wenzake. Abiria wengine hutuuliza kama tumefika. Tunawaambia bado. Tunasimama kimya mpaka behewa la mwisho livuke, kwa sababu huko chini kuna mtu anatubeba, na najua kusimama hakumpunguzii mzigo. Tunasimama hivyo hivyo.