Mtungi wa Bi Siwema

“Uhamishapo mtungi, mwambie mwenye kiu.” Mmeisikia kwa mpishi wa shule mkacheka, kisha mkaja kuniuliza mimi, kana kwamba nilizaliwa siku moja na methali zote. Haya, kaeni. Chanzo chake si cha kale kama mnavyodhani, kompyuta zilikuwepo.

Mshamu alikuwa fundi wa kompyuta katika redio ya mji wetu. Hapo hapo alifanya kazi Bi Siwema, mama yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Bi Siwema aliandika matangazo ya vifo. Mfiwa alikaa mbele yake akasema, naye akaandika kwenye skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani. Akishabonyeza kitufe cha kumaliza, maneno yalibaki pale pale, naye akamsomea mfiwa taratibu, ili hata jina moja lisikosewe. Alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi.

Mshamu aliyaona yale maneno yaliyobaki kuwa takataka. Jioni moja, kwa mapenzi tu, akaibadilisha mashine: mtu akimaliza kuandika, maneno yahifadhiwe ndani, skrini ibaki safi. Hakumwambia mtu. Alitaka mama yake akute mambo yamenyooka.

Kesho yake akaja Mzee Nandonde, amefiwa na mkewe. Maziko yalikuwa alasiri ile ile, na wanawe walikuwa mashambani wakitegemea redio tu. Bi Siwema akaandika, akabonyeza, skrini ikawa tupu. Akamwomba radhi mzee, akamtaka aanze upya. Maneno yakatoweka tena. Akamwomba tena, lakini mara hii mzee alipofika kwenye jina la mkewe sauti ilikatika, akajifunika uso kwa kofia yake.

Mshamu alipoitwa akayafungua maneno mara moja; yote yalikuwamo. Tangazo likasomwa adhuhuri, watoto wakawahi kumzika mama yao. Lakini Bi Siwema alikuwa amekwisha kujitanda kanga yake, ameacha funguo za ofisi mezani na kuondoka. Alimwambia mtangazaji kuwa uzee umemfika, akili yake haishiki tena, asije akamtesa mfiwa mwingine.

Mshamu akamfuata nyumbani, jua la mchana kichwani, koo limekauka. Alimkuta amejilaza, amegeukia ukutani, na hakujua aanzie wapi. Basi akafanya alichofanya tangu utotoni kila alipoingia nyumba ile: akachukua kata msumarini, akanyoosha mkono nyuma ya mlango kuchota maji. Mtungi haukuwepo. Akapapasa, akapapasa tena, mtu mzima mzima, kama mtoto aliyeachwa sokoni.

“Nimeuhamishia jikoni,” Bi Siwema akasema bila kugeuka. “Mbuzi wa jirani walikuwa wakiingiza midomo. Nilisahau kukwambia, mwanangu.”

Mshamu hakwenda jikoni. Aliketi chini kando ya kitanda, kata mapajani, na machozi yakamtoka.

“Akili yako ni nzima, mama,” alisema. “Leo mimi ndiye niliyehamisha mtungi. Nikakuacha na kiu, wewe na yule mzee wa watu.”

Akamweleza yote. Bi Siwema akageuka, akamtazama vizuri.

“Kwa hiyo sijazeeka?”

“Umezeeka,” Mshamu akasema. “Ila hukukosea.”

Hapo Bi Siwema akacheka. Akamnyang'anya kata, akainuka kwenda kumchotea maji kwa mkono wake mwenyewe.

Mashine ikarudishwa ilivyokuwa, na safari hii Mshamu alimwuliza kwanza. Bi Siwema akarudi kitini pake, akaendelea kuwasomea wafiwa majina ya wapendwa wao hadi alipostaafu kwa hiari yake. Pale redioni ikawa desturi: mtu akitaka kusogeza hata kiti, wenzake humkumbusha mtungi. Maneno yakatoka redioni yakaingia mitaani, mpaka yakamfikia huyo mpishi wenu.

Sasa ninyi mlionisafishia chumba asubuhi, Mungu awabariki, kazi nzuri. Tangu saa tatu napapasa dirishani natafuta miwani yangu, nikidhani macho na akili vimeniaga pamoja. Nileteeni. Na siku nyingine, wajukuu zangu, uhamishapo mtungi, mwambie mwenye kiu.