Neno Lililokatazwa na Mfalme

Sikilizeni basi, na atakayecheka acheke polepole, maana haya yalitokea mahali ambapo hata kicheko kiliombewa ruhusa.

Katika nchi ya mianzi na mashamba ya mpunga, mvua ilikataa miaka miwili. Mfalme Chui Milia, mwenye majivuno kupita kiasi, alizungushia ua bwawa pekee lililobaki, kisha akapiga marufuku neno moja: kiu. Eti linaichafulia nchi jina. Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa Fisi. Msiniulize alifikaje huko. Pana cha kula, Fisi akose? Kila aliyefungwa, mgawo wake wa maji aliunywa yeye.

Siku moja Kobe, mzee wa watu, alijisemea tu, "Jamani, kiu!" Fisi akamtupa kwenye tundu la mianzi. Siku ya tatu Kobe hakuweza hata kuinua kichwa. Jirani yake Sungura alipomwona, roho ilimuuma. Akaenda moja kwa moja barazani, wanyama wote wakiwapo.

"Mtukufu, Kobe kakosa nini?"

"Katamka lile neno," akanguruma Chui Milia.

"Labda alisikiwa vibaya. Mzee yule hushinda akikusifu, 'Mfalme mkuu, mkuu!' Huenda alisema 'kuu'."

Fisi akaona maji ya Kobe yanamponyoka. "Mwongo huyo! Hakusema kuu, alisema kiu! Kiu! Nimesikia kwa masikio yangu haya, kiu!"

Wanyama wote wakageuka kumtazama Fisi.

"Lo! Mara tatu," akasema Sungura kwa upole. "Maskini Kobe alisema mara moja tu."

"Nilikuwa natoa ushahidi!" Fisi akalia.

"Sheria ni sheria," akasema Chui Milia, akijivuna. "Mfungeni Fisi kwa kosa la kusema ki..." Akajiziba mdomo kwa makucha yake.

"Kusema nini, Mtukufu? Malizia, huku nyuma hatukusikia," ikasema sauti kutoka mwisho wa baraza.

Nyati akaangua kicheko, na baraza zima likamfuata. Fisi alishatimua mbio, mkia katikati ya miguu. Mfalme akainamisha kichwa kwa aibu. Kosa lisilotajika angemhukumia nani?

"Mfungueni Kobe," akanong'ona.

Kobe akatoka, taratibu kama kawaida yake, wote wakimngoja. Akasimama mbele ya mfalme, akamtazama usoni.

"Mtukufu, nina kiu."

Hakukuwa na askari wa kumkamata. Chui Milia akaenda mwenyewe kufungua lango la bwawa.

Na mimi nimemaliza. Nileteeni maji, nina kiu, na nalitamka.