Posa ya Mzee Mkwayu

Paukwa!

Pakawa!

Nyie mnaitikia kama mliolala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, hata bibi yangu hajazaliwa, paliondokea mtu akiitwa Mzee Mkwayu. Ng'ombe, anao. Mashamba ya mpunga, anayo. Mke, hana. Na si kwamba alikosa. Walimletea mabinti hadi wakachoka wenyewe. Yeye alimtaka mmoja tu, Siwema, ambaye ujanani baba yake alimnyima Mkwayu kwa kuwa ni fukara, akamwoza binti nchi ya mbali. Mkwayu akalima, akafuga, akatajirika, na kila jembe aliloinua alikuwa akimlimia Siwema. Watu wakimcheka, huwaambia chekeni, meno ni yenu.

Basi siku moja Siwema akarudi. Mjane, mvi zimemjaa, akajenga kibanda karibu na kaka yake, Kondo. Moyo wa Mkwayu, pu! pu! pu! Papo hapo akatuma washenga, maana desturi ya kijiji kile mtu hajiposei, na posa hujibiwa na wanaume wa nyumbani. Washenga wakaswaga kundi la ng'ombe, tuku, tuku, tuku, hadi kwa Kondo. Kondo hakuuliza mtu. Akapokea, akafunga zizi.

Asubuhi Siwema akalifungua. Tuku, tuku, tuku, ng'ombe wakarudi walikotoka, kijiji kizima kinatazama. Posa kurudishwa! Wazee wakawaka. Wakamwambia Mkwayu aibu hii haifutiki ila Siwema aletwe kwa nguvu, kwa kuwa kaka yake alikwisha pokea.

Aibu ilimchoma Mkwayu, hasira nayo, lakini kilichomuuma zaidi ni kutojua kwa nini amekataliwa. Akatoka mchana kweupe, hana mshenga, hana zawadi, akapiga hodi kwa Siwema. Watu wakavunjika mbavu: mzee mzima anajiposea!

Siwema alikuwa akipepeta mchele. Akamkaribisha, akaendelea kupepeta.

"Siwema, nimewauliza wote ila wewe. Utanikubali?"

Ungo ukasimama.

"Siku baba alipokufukuza nilifunga mzigo wangu, nikakaa nyuma ya ghala nikikungoja mpaka jua likatua. Ungeniuliza siku ile, ningekufuata na umaskini wako. Wewe ukaenda kutafuta mali ya kumridhisha baba. Leo sitaki mume, Mkwayu. Nataka nyumba yangu na usingizi wangu."

Mkwayu akalia. Ndiyo, mzee mwenye ng'ombe wake alilia mbele ya mwanamke, wala hakuona haja ya kujificha.

Huko nje Kondo na wazee wamekwisha fika, kamba mkononi. Kondo akasema dada yake keshaposwa, atake asitake. Mkwayu akasimama mlangoni, akakita fimbo chini. Ti!

"Nimemtaka huyu tangu sina ndevu, na bado namtaka. Amesema hapana. Kama mimi nimeimeza, ninyi inawakwama nini? Anayetaka kumgusa na aanze na mimi."

Wakamtishia kumtenga na kijiji. Akawaambia wamtenge, halafu waone watakunywa maziwa ya nani. Kondo akaikunja kamba yake.

Tangu siku ile, kijijini pale, mshenga haendi kwa baba kabla binti hajaulizwa, na binti akisema hapana, ng'ombe hawatoki zizini. Siwema akaishi kwake, akazeeka kwake. Mkwayu hakuoa. Alimtamani mpaka anaingia kaburini, na hakuna aliyemsikia akimsema vibaya. Walipomuuliza kama hajuti kumtetea mtu aliyemkataa, alijibu:

"Najuta kutomuuliza. Kumtetea, hata kesho."

Nanyi wenye haraka ya kutuma posa, shikeni hili: mtu haombwi kwa ndugu zake, huombwa mwenyewe, na jibu lake hupokewa hata likiwa chungu. Hadithi yangu imeishia hapo, na mwenye ubishi anibishie sasa hivi, nimekaa.