Sange na Barabara ya Matope

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na miji yao na kila mji na usingizi wake, palikuwa na mji mmoja ukiitwa Usinziani. Mji huo ulilala mchana. Jua likifika utosini, wenye maduka walifunga, njiwa walinyamaza, joto likawa linachezacheza juu ya mchanga. Ukimwita jirani yako saa hizo akakuitikia, hukuweza kujua kama yuko macho au amekuitikia kutoka ndotoni.

Waliokuwa hawalali mchana ni Sange na mama yake tu. Mnamjua sange, siyo? Kile kinyama kidogo, chenye miguu myembamba na pua ndefu isiyotulia, inanusa huku, inanusa kule. Msije mkamwita panya, atakasirika, na ana haki ya kukasirika. Panya hafagii. Sange anafagia.

Sange huyu alikaa na mama yake mwisho wa mji, mtaa wa Majani Makavu, chini ya miti mirefu. Kazi ya ukoo wao tangu enzi na enzi ilikuwa kufagia vijia. Jani likianguka njiani, Sange analipiga teke, fya! Kijiti kikianguka, fya! Alikuwa na kijia cha kwenda kwenye kichuguu cha mchwa, kijia cha kwenda kunywa umande, na kijia kirefu, kinachopinda mara nyingi, cha kwenda kwa shangazi yake.

Sasa, mama yake Sange alikuwa haoni. Macho yalimwingia ukungu kidogo kidogo, mwisho ukungu ukahamia kabisa. Lakini kila siku ungemkuta anakwenda mwenyewe kwa shangazi, hana mkongojo, hana wa kumshika mkono, anajiimbia wimbo wake wa zamani. Nyayo zake ndizo zilizoona. Penye ulaini ni njia, penye majani si njia. Sange alipenda kusimama mlangoni akimtazama anavyopotelea kule mitini na wimbo wake, na moyo wake ulikuwa unajaa furaha mpaka anasahau kula.

Basi, mji ule ulikuwa na barabara moja kubwa, Barabara ya Matope, iliyotoka sokoni ikaja kuishia penye miti ya Majani Makavu. Mwenyekiti wa baraza la mji alikuwa Mzee Kiboko, aliyekaa kwenye bwawa lake bondeni, kando ya hapo barabara ilipoishia. Siku moja Mzee Kiboko akaitisha kikao. Alisema mji unakua, wakubwa hawana pa kugeukia, kwa hiyo mtaa wa Majani Makavu ukatwekatwe viwanja, kila kiwanja kimtoshe nyati mmoja na familia yake, na Barabara ya Matope iendelezwe ipite katikati ya miti hadi upande wa pili.

Sange alikuwepo. Akaomba nafasi ya kusema, akapanda juu ya kisiki ili aonekane.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Sema upesi, jua linapanda."

"Barabara hiyo inapita juu ya nyumba yetu, mzee. Na juu ya vijia vyetu vyote."

Mzee Kiboko akamweleza kwamba baraza si katili. Atapewa kiwanja cha fidia kule ukingoni mwa kijito, pazuri, pana maji tele. Sange akasema ndiyo, mzee, maji yapo, ila maji yenyewe ndiyo taabu. Kule majani yanaoza na kugandana na tope, hakuna kijia kinachofagilika, na mama yake asiyeona hatajua njia iko wapi na kijito kiko wapi.

Mzee Kiboko alipiga mwayo, na nyinyi mnaujua mwayo wa kiboko, unaweza kuhesabu meno yote ukarudia. "Mama yako atazoea," akasema. "Tupige kura."

Pale Usinziani kura ilipigwa kwa kukanyaga. Wanaokubali wanakanyaga ardhi kwanza, halafu wanaokataa. Nyati wakakanyaga, Bi Tembo akakanyaga, Kifaru akakanyaga, du! du! du! mpaka vumbi likaziba jua. Vumbi lilipotua, Sange naye akakanyaga kwa nguvu zake zote, ti-ti-ti-ti-ti. Mzee Kiboko akatega sikio, akauliza mbona hakuna anayepinga, akatangaza kuwa hoja imepita. Kila mtu akaenda kulala.

Sange alirudi nyumbani miguu mizito. Alipomweleza mama yake, mama akawa anapapasa sakafu.

"Si kitu, mwanangu," akasema. "Nitakaa ndani tu. Wewe utaniletea chakula."

Maneno hayo yalimchoma Sange kuliko mwayo wa Kiboko. Mama yake, anayekwenda kwa shangazi akiimba, akae ndani kama kigunia cha mtama! Akatoka nje ili mama asimsikie anavyovuta pua.

Asubuhi yake akaja mpimaji wa mji, Bwana Kifaru, kuweka alama za barabara. Hapa mnisikilize vizuri. Usinziani hawakuweka alama za mawe. Bwana Kifaru hakuona mbali zaidi ya pembe yake, jiwe angelikuta kwa kujikwaa tu. Yeye aliweka alama kwa kinyesi chake. Wewe hapo nyuma, acha kucheka, hii ilikuwa kazi ya serikali. Anakwenda kidogo, anaweka lundo, anakwenda kidogo, anaweka lundo. Siku ya kuchimba anarudi na kikosi cha nyati, anainamisha pua, anafuata harufu, na nyati wanachimba nyuma yake. Na sheria ilisema, palipo na harufu ya Kifaru ndipo pa barabara, na alama hiyo asiiguse mtu kwa mguu, kwa kwato wala kwa mkonga.

Lundo moja likawekwa mbele ya mlango wa Sange. Bwana Kifaru akasema watakuja kuchimba jioni jua likipunga, akajiendea zake kulala.

Mchana ukaingia. Usinziani yote ikanyamaza. Hewa ikawa nzito, ya rangi ya asali, na kila kitu kikaonekana kama kinaelea, miti inaelea, paa za nyumba zinaelea, hata kivuli cha Sange mwenyewe kikawa hakijui kikae wapi. Sange alikaa mlangoni akilitazama lile lundo kwa hasira.

Lundo likatikisika.

Akasogea. Walikuwa dundu, wale wadudu weusi wanaotengeneza mipira ya kinyesi na kuiviringisha. Walikuwa wanakatakata, wanafinyanga, wanasukuma kwa miguu ya nyuma. Lakini kila mpira ukifika kwenye majani unakwama, nao wanalalamika kwa vijisauti vyembamba kwamba vijia vya mtaa huu ni vyembamba na vinapinda mno, na kwamba wanatafuta udongo laini wa kufukia mipira yao ili watoto wapate chakula.

Pua ya Sange ikaacha kucheza. Ilikuwa haijawahi kutulia tangu azaliwe.

Dundu hana kwato. Dundu hana mkonga. Na miguu ya dundu, nani katika baraza lile aliwahi kuifikiria?

"Jamani," Sange akawaambia, "udongo laini kuliko wote uko kwenye ukingo wa bwawa la Mzee Kiboko. Na njia ya kwenda kule ni ya mteremko. Mkitaka, nitawafagilia."

Dundu hawakuuliza mara mbili, wakaitana kutoka kila lundo. Sange akaanza pale Barabara ya Matope ilipoishia, akashuka bondeni. Fya! Fya! Fya! Majani yakaruka kulia, vijiti vikaruka kushoto. Hajafika mbali, akasikia wimbo nyuma yake.

"Mwanangu," mama yake akasema, "nakusikia unafagia mahali ambapo si petu."

Sange akamnong'oneza kila kitu. Mama akasikiliza, kisha akacheka, kicheko kidogo cha tumboni ambacho Sange hakuwa amekisikia siku nyingi. Akatangulia mbele, polepole, anaisoma ardhi kwa nyayo zake. Hapa kuna kijiti, anasema, na Sange anakiondoa. Hapa pana kishimo, na Sange anakisawazisha. Wakashuka hivyo wawili katika ule mchana wa asali, mmoja anaimba, mmoja anafagia, na nyuma yao dundu kwa mamia wakija mmoja mmoja na mipira yao, biri-biri-biri-biri, kila mpira ukiacha harufu yake chini.

Walipokaribia bwawa, masikio mawili yakachomoza majini. Mzee Kiboko hakufumbua macho.

"Nani huyo anayefyafya?"

Sange akainamisha kichwa.

"Ni mimi Sange, mzee. Shikamoo. Barabara yako inapita leo. Nikaona nifagie, isije ikaonekana mji hauna heshima."

Kiboko akafikiri, au akaota kwamba anafikiri. Alifurahi sana. Alimwambia Sange kwamba sasa amekuwa raia mwema, na watu wote wangekuwa hivyo mji ungekwenda mbele.

"Niishie wapi, mzee?"

"Fagia mpaka hapa mlangoni kwangu," akasema Mzee Kiboko kwa sauti ya usingizi, na masikio yakazama, bluup.

Sange akafagia mpaka pale alipoambiwa. Dundu wakafukia mipira yao kwenye ukingo, katika ule udongo laini, wakashukuru. Kule mitini hapakubaki hata lundo moja. Sange akamshika mama yake, wakarudi nyumbani, wakakaa ndani kusubiri, na Sange alitetemeka mpaka vyombo vikagongana rafuni.

Jua likapunga. Bwana Kifaru akaja na kikosi cha nyati, wote bado wana usingizi machoni. Pale barabara ilipoishia akainamisha pua. Akanusa mbele, hakuna. Akanusa kulia, hakuna. Akanusa kushoto, hiyo hapo! Akatikisa kichwa, kwa kuwa asubuhi alidhani alinyooka, lakini pua yake haikuwahi kumdanganya. Akageuka kushoto, akashuka bondeni, na nyati nyuma yake, chaka! chaka! chaka! wanachimba huku wanasinzia.

Walipofika ukingoni hawakusita. Chaka! Ukingo ukakatika, maji yakapata mlango, bwaaa!

Mzee Kiboko aliota kwamba mto unamwagika. Alipofumbua macho, maji yalikuwa magotini mwake na yanaendelea kwenda zao. Akanguruma mpaka mji mzima ukaamka na kuja mbio.

Akauliza nani amesogeza alama. Bwana Kifaru akachukia, akasema kama mwenyekiti anaisingizia pua yake uongo, aseme wazi mbele ya watu. Bi Tembo, aliyekuwa makamu, akauliza kama kuna aliyeona mguu, kwato au mkonga ukigusa alama. Hakuna aliyeona. Mji mzima ulikuwa umelala.

"Sange alikuwa huku," akasema Kiboko. "Sange! Ulifanya nini hapa?"

Sange akajitokeza mbele ya wale wakubwa wote, mama yake nyuma yake amemshika mkia.

"Nilifagia, mzee. Nilikuuliza niishie wapi, ukaniambia mlangoni kwako."

Nyati mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Bi Tembo akasema kwa upole kwamba sheria ni sheria, barabara imepita hapa, na mwenyekiti asiwe na wasiwasi, atapewa kiwanja cha fidia kule Majani Makavu. Pazuri, pakavu kabisa, hakuna hata tone la maji.

Mzee Kiboko akatazama kule juu kwenye miti. Hata jua hilo la jioni lilikuwa linamchoma mgongo, ngozi yake ilikuwa imeanza kupasuka. Kwa mara ya kwanza katika uongozi wake wote alikuwa macho kabisa.

"Pakavu?" akasema polepole. "Nitaishije pakavu?"

Sange aliona machozi kwenye macho ya yule mkubwa, akamhurumia, na alishangaa kujikuta anamhurumia.

Kiboko akamtazama yule mama asiyeona, aliyekuwa anatafuta kwa nyayo mahali pa kusimama katika tope lililokuwa likienea. Akamtazama muda mrefu. Kisha akasema ukingo uzibwe, mtaa usikatwe, barabara iishie pale ilipokuwa ikiishia. Wakapiga kura papo hapo, na safari hii aliyekanyaga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mzee Kiboko mwenyewe, kwa haraka aliyokuwa nayo ya kurudishiwa maji yake.

Mpaka leo Barabara ya Matope inaishia penye miti. Wageni wakifika pale wanashangaa, barabara kubwa namna ile imekomaje ghafla, halafu katikati ya mchana, mji umelala, wanasikia bibi mmoja anapita karibu yao anaimba, wala hawamwoni alipo. Anakwenda kwa shangazi.

Kwa hiyo wanangu, kabla hujamwambia mtu kwamba atazoea, simama kwanza pale unapotaka kumpeleka.