Hafla ya Uzinduzi wa Upinde wa Kobelo

Paukwa!

Pakawa!

Kijiji kilikuwapo, na zimwi likawapo.

Zimwi lilimchukua Mwanaidi, binti wa Kobelo fundi wa pinde, likamfungia pangoni anenepe. Kila jioni lilimpitishia kidole mbavuni, likasema, "Bado kidogo."

Basi Kobelo akapasua mianzi mikavu, akaiparua ikawa vipande vyembamba, akavibandika kimoja juu ya kingine kwa gundi ya ngozi ya ng'ombe, akavikaza kwa kano. Jumbe akatuma mtu kuuliza kama upinde uko tayari.

"Bado kidogo," akasema Kobelo. "Gundi haijashika."

Huku akingoja, akanyoosha mishale juu ya makaa na kuivika manyoya ya tai, kila mmoja kwa uzito wa upinde ule.

Siku moja gundi ikashika. Kobelo akajifunga kwenda. Jumbe akamzuia: upinde wa kijiji hautoki bila kuzinduliwa, na hafla imekwisha pigiwa mbiu.

"Mwanangu ataliwa, Jumbe."

"Bado kidogo, Kobelo. Wazee hawajakaa."

Wazee wakakaa. Zimwi likashutumiwa vikali, nalo halikuwapo kusikia. Kisha Jumbe akatwaa upinde, akavuta ugwe hadi sikioni, akauachia bila mshale, maana mishale ilipangiwa alasiri.

Upinde mtupu haufyatuliwi. Nguvu ikikosa mshale wa kuibeba, huurudia upinde wenyewe. Ndani ya mianzi kitu kikalia, ta! Vigelegele vikakifunika, lakini Kobelo alisikia.

"Fundi," Jumbe akamwuliza mbele ya watu, "kazi yako imekaaje?"

Kobelo akautazama umati. Tangu azaliwe hakuwahi kupigiwa makofi.

"Imekaa vizuri, Jumbe."

Basi akaenda pangoni. Zimwi lilikuwa limemshika Mwanaidi mkono.

"Baba, piga," akasema mtoto.

Kobelo akapachika mshale, akavuta. Mianzi ikaachana kipande kwa kipande, ikamwangukia miguuni. Zimwi likampitishia Mwanaidi kidole mbavuni.

"Sasa," likasema.

Kobelo likamwacha, alikuwa mzee, mkavu mno.

Baraza likaketi kuchunguza, likaona kwamba mianzi ya mwaka ule ilikuwa mibovu.

Hadithi yangu naitua hapo. Nanyi, wajukuu, mkisikia kitu kimepasuka, semeni, hata kama watu wanawashangilia. Jumbe aliuvunja upinde, Kobelo alijua akanyamaza, na Mwanaidi akaliwa.